Farasi Kaugua Katikati ya Matembezi: Mtafanyaje?

Mmejipanga, mmelipa, upepo wa bahari unawapepea. Ghafla farasi anagoma kutembea, jasho linamtoka. Msaada uko mbali, na saa ya kwanza iko mikononi mwenu wawili.

Siku hizi wapendanao wakienda visiwani hawataki kulala ufukweni tu. Unguja kuna farasi wa kupanda kandokando ya bahari. Mafia wengi hufuata papa potwe, hasa Oktoba hadi Machi, na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Lakini Mafia ni mfano mzuri wa jambo ambalo mpanda farasi wa kisiwa chochote inampasa kulijua: kati yako na mtaalamu kuna maji. Daktari akitoka bara, ni ndege ya kutua Kilindoni au chombo cha kutoka Nyamisati. Mnyama mwenye maumivu hawezi kungoja ratiba.

Tumbo, mgeni asiyebisha hodi

Maradhi yanayomkumba farasi ghafla mara nyingi ni msokoto wa tumbo. Yaweza kuwa gesi, chakula kilichokwama, mchanga aliomeza akila chini, au utumbo uliojisokota. Tatizo ni kwamba farasi hawezi kutapika, hivyo kilichoingia hakirudi. Utamwona anaparua ardhi kwa kwato, anageuka kuangalia ubavu wake, anakataa kula, anataka kulala na kugaragara. Kuna msokoto unaoisha kwa dawa tu, na kuna unaohitaji upasuaji. Huo wa pili ukicheleweshwa, unaua.

Wenzetu wa Lamu wanalijua hilo kupitia punda, ambao wamebeba mji ule migongoni kwa karne nyingi. Tangu mwaka 1987 kuna kituo cha shirika la Donkey Sanctuary kinachowatibu, na moja ya matatizo yao ni tumbo lililoziba kwa mifuko ya plastiki waliyookota jalalani. Tena punda ni msiri: farasi atagaragara, punda atainamisha kichwa tu na kunyamaza. Kwa hiyo mnyama aliyepoa ghafla msimwite mvivu.

Fanyeni hivi, kwa mpangilio

• Shukeni mara moja. Hata kama mmebakiza dakika kumi tu kufika.
• Mpelekeni kivulini, legezeni tandiko, ondoeni chakula mbele yake.
• Mtunzaji ampigie daktari wa mifugo sasa hivi, sio baada ya kuona itakuwaje. Mafuta ya simu na nauli mtajadili baadaye.
• Hesabuni mapigo ya moyo chini ya taya. Farasi mzima aliyetulia huwa na 28 hadi 44 kwa dakika. Akishapumzika na bado yamezidi 60, hali ni mbaya, mwambieni daktari.
• Bonyezeni ufizi kwa kidole. Rangi ichukue kama sekunde mbili kurudi. Ikichelewa, nalo mliseme.
• Akitaka kugaragara, mtunzaji anaweza kumtembeza taratibu. Asimtembeze hadi achoke, na akijitupa chini, kaeni mbali na miguu yake. Hakuna mapenzi yanayodai uvunjike mbavu.
• Msimpe dawa ya binadamu, wala kumnywesha kitu kwa chupa. Maji yanaweza kuingia mapafuni, na dawa ya maumivu yaweza kumficha daktari ugonjwa.

Na nyie wawili je?

Hapa ndipo siku inapoharibika kweli. Mmoja analia, mwingine anauliza hela itarudishwa lini. Wewe unaona mwenzio hana huruma, yeye anaona unajifanya mtakatifu. Kumbe wote mmeshtuka.

Gawaneni kazi. Mmoja ahesabu mapigo na kuandika saa, mwingine ashughulike na simu na maji ya kunywa ya watu. Mkono wenye kazi hauna muda wa kunyoosheana vidole. Suala la malipo liulizwe jioni, kwa adabu, mnyama akishahudumiwa. Na msimlaumu mtunzaji mbele ya watu. Huyo farasi ni ajira yake, na huenda ni rafiki yake kuliko mnavyodhani.

Wakati mwingine daktari atasema hakuna upasuaji wa karibu na mateso yamezidi. Uamuzi wa kumpumzisha ni wa mwenye farasi na daktari. Kazi yenu ni kuwa karibu, kimya, bila kupiga picha.

Kabla hamjapanda tena popote, ulizeni maswali mawili: daktari wenu ni nani, na akiitwa anafika kwa muda gani? Mwenye farasi anayewapenda wanyama wake atajibu hapohapo. Akianza kubabaika, bebeni viatu vyenu mkatembee ufukweni kwa miguu. Mtashikana mikono vizuri zaidi.