Maua ya pansé: mbegu inataka giza na baridi

Katika milima ya Kivu, kule usiku kunakuwa baridi, ua la pansé linaweza kukomaa vizuri. Kwenye joto kali, hapana kupoteza feza: likipita digrii 25, mbegu nyingi haioti.

Mbegu ni ndogo na ya bei, na mingi inapotelea kwenye kitalu. Fanya hivi:

1. Changanya udongo laini, mchanga kidogo na mboji iliyoiva. Jaza kisanduku chenye matundu chini.

2. Panda, funika na udongo wa milimita 3 hivi, nyunyiza maji. Tandika gunia juu, weka kivulini. Pansé inaota vizuri gizani.

3. Kuanzia siku ya 10, angalia kila asubuhi. Ukiona miche, toa gunia mara moja, la sivyo itarefuka na kulala. Maji mengi nayo yanaozesha shingo ya mche.

4. Kisha wiki 6 mpaka 8, hamisha jioni. Acha sentimita 20 kati ya mche na mche.

Ua likinyauka, likate, mmea uendelee kuchanua. Acha machache kwa mbegu: kifuko kinainama kwanza, kikikomaa kinasimama na kupauka. Kivune siku ile ile, juu kinapasuka na kurusha mbegu mbali.

Wamama na wababa wa koperative, ua halijazi sufuria. Tafuteni kwanza mnunuzi mjini, hoteli ao wenye bustani. Shamba la maharagi lisiguswe. Anzeni na kisanduku kimoja.