Kabla Hujaiamini Programu ya Shamba, Iulize: Ekari au Hekta?

Leo tuwaache viwavijeshi kidogo tuongelee programu za kompyuta na simu, maana siku hizi wengi wenu hesabu za mbolea mnapigia humo humo.

Kijana mmoja wa mahindi alinijia na simu mkononi. "Bwana shamba, programu ya kikundi chetu inasema ninunue DAP mifuko 5." Shamba lake ni ekari 2, na kwa udongo wa kwake nilishamshauri mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ekari. Hiyo mifuko 3 ya ziada angeinunua kwa hela ya mkopo, na alikuwa njiani kwenda dukani!

Tukamtafuta mwenzao aliyeiandika. Akafungua kompyuta, tukachungulia ndani. Kuna mstari unasema x mara 2.47. Nikamuuliza, hii x ni nini? Akakuna kichwa. Kaandika mwenyewe miezi sita iliyopita, kasahau. Kumbe hekta moja ni ekari 2.47, na programu ilidhani kila mtu anajaza hekta. Kisanduku chenyewe kimeandikwa "Eneo", basi. Sasa jamani, nani huku kwetu anahesabu hekta?

Nikamwambia asione aibu sana. Septemba 1999 NASA, shirika la anga la Marekani, lilipoteza chombo chake Mars Climate Orbiter kilipofika sayari ya Mars. Programu ya kampuni ya Lockheed Martin ilitoa namba za msukumo kwa vipimo vya pauni, waongozaji wa chombo wakazipokea kana kwamba ni vipimo vya metriki. Tofauti yake ni kama mara 4.45. Chombo kikapita chini mno, kikapotea. Na muda wote huo programu haikugoma, namba zilionekana safi tu.

Ndiyo maana mimi naiogopa zaidi programu inayokubali kila kitu kuliko ile inayogoma. Ukijaza kuku 5,000 wamekufa kwenye banda la kuku 500, programu iliyoandikwa vizuri inakataa, tena inakwambia kwa nini, kwa maneno unayoyaelewa. Siyo "kosa namba 104".

Tukaanza kurekebisha. Ile x ikaitwa ekari, ili hata mwingine akiifungua kesho aelewe. Bei ya mfuko tuliikuta imeandikwa sehemu 7. Mbolea ilipopanda alibadilisha 5, mbili zikabaki na bei ya zamani, ndiyo maana ripoti za kikundi hazikulingana na mweka hazina akaanza kuangaliwa vibaya bure. Sasa bei inakaa sehemu moja, zote zinasoma hapo. Mambo ya rangi na picha nzuri hatukuyagusa.

Halafu majaribio, na hapa ndipo tulipokaa muda mrefu. Unajaza kitu ambacho jibu lake unalijua kwenye daftari: ekari 1 lazima itoe mfuko 1, ekari 0 isitoe kitu, na ukijaza ekari hasi igome. Unarudia yote kila ukibadilisha chochote, hata kama umegusa mstari mmoja.

Kijana alinunua mifuko 2. Kisanduku sasa kinasema "Eneo kwa ekari". Wewe mwenye programu kwenye kikundi chako, ijaze ekari 1 leo kabla hujaenda dukani, ulinganishe na daftari.