Msimu Haumsubiri Aliyetoka Gerezani

Desemba 9, 2017, Rais John Magufuli alitangaza mjini Dodoma msamaha kwa wafungwa 8,157. Miaka miwili baadaye, jijini Mwanza, akasamehe wengine 5,533. Idadi kama hizo zinapotangazwa, wengine hushangilia, wengine hunung'unika, kisha zinasahaulika. Kinachobaki bila kuulizwa ni hiki: aliyetoka ataanza kuishi kwa kutegemea nini?

Tuchukue mfano wa mkulima wa Likunja, wilayani Ruangwa, anayemaliza kifungo mwezi Septemba. Mikorosho yake ilipotoa maua hakuwepo mtu wa kupulizia salfa, ubwiri unga ukayakausha. Chini ya miti, magugu yamefika kiunoni. Mara nyingine shamba lenyewe ndugu wameliweka rehani ili wamlipe wakili. Oktoba minada inaanza, jirani wanabeba magunia kwenda ghalani, yeye anatazama. Hapo ndipo anapobisha hodi mnunuzi wa magendo, wa kangomba, na fedha taslimu, akitaka korosho za mwakani kwa bei ya kutupa. Mwenye njaa atakubali, na msimu ujao nao unakuwa umekwenda.

Hata akibahatika kukuta mavuno, karatasi zinamkwamisha. Malipo ya mnada hupitia chama cha msingi, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale kiko chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, na huishia kwenye akaunti ya benki ya mkulima. Pembejeo za ruzuku hupewa aliyesajiliwa. Laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019. Aliyeingia gerezani kabla ya hapo anaweza kutoka akiwa hana laini wala namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Kwa hiyo kazi za wiki za mwanzo zina mpangilio wake: barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji, NIDA, laini, akaunti, kisha kuhuisha taarifa katika daftari la wakulima. Ukiruka moja, zinazofuata zinagoma.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka maisha ya mfungwa baada ya kutoka yafikiriwe tangu siku ya kwanza ya kifungo, na atoke akiwa na vitambulisho na mahali pa kwenda. Sheria zetu zina mlango mwingine mzuri zaidi. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mwenye kosa linalostahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kufanya kazi za jamii bila malipo akiishi kwake. Huyo hapotezi msimu, na watoto wake hawapotezi ada.

Kwa aliyekwisha kutumikia kifungo, msaada mkubwa hutoka kwa mtu aliyepita njia hiyohiyo. Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kifo mwaka 2002. Kesi iliyobeba jina lake iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo, uamuzi uliothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, na akiwa bado gerezani akasoma sheria. Alitoka mwaka 2016, akageukia kutetea wafungwa na watoto wao. Likunja haihitaji kesi kubwa namna hiyo. Inatosha mtu aliyerudi zamani amshike mkono aliyerudi jana, waende pamoja kwa mtendaji na kwenye chama cha msingi, kwa sababu aliyetangulia anajua ni maneno gani yatasemwa pale mlangoni na namna ya kuyajibu bila ugomvi.

Ndugu nao wana kazi kabla ya siku ya kutoka: palilieni shamba lake, pulizieni salfa, msiliweke rehani bila yeye kujua. Viongozi wa vijiji na vyama vya msingi, mwandikeni kwenye daftari bila kumzungusha. Adhabu yake mahakama ilishaipima, na ameimaliza. Kijiji hakina mamlaka ya kumwongezea.