Je, Wajua? Walimu Wakikaa Pamoja, Mtoto Hakati Tamaa

Je, wajua kwamba mwaka 1979 Mmarekani mmoja alitokwa jasho darasani kwa sababu ya mchemraba? James Stigler, wakati huo bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alikuwa ameketi mstari wa nyuma katika darasa la nne nchini Japani. Watoto walikuwa wakijifunza kuchora mchemraba kwenye karatasi, na mmoja wao mchoro wake ulipinda vibaya. Mwalimu akamwita ubaoni huyo huyo. Akachora, haukutoka. Kila baada ya muda mwalimu aliwageukia wanafunzi wengine: mwenzenu amepata? Walitazama, wakatikisa vichwa: bado. Stigler, jasho likimtoka, alingoja mtoto aangue kilio. Hakulia. Aliendelea kuchora mpaka kipindi kilipokaribia kwisha, mchemraba ukakaa sawasawa, darasa zima likapiga makofi, naye akarudi kuketi uso umemchangamka.

Katika shule zetu nyingi anayeitwa ubaoni ni yule anayejua, ili kipindi kisonge. Asiyejua akiitwa, mara nyingi anajua ameitwa kuaibishwa. Mtoto anayejifunza kuficha makosa yake si mvivu. Amesoma vizuri kabisa kile ambacho darasa limemfundisha.

Je, wajua kwamba walimu wa Japani wana desturi ya kuandaa somo moja kwa pamoja, tangu zama za Meiji katika karne ya 19? Wanaiita jugyo kenkyu, yaani utafiti wa somo. Kikundi cha walimu hukaa juu ya andalio la somo moja kwa wiki kadhaa. Mmoja hulifundisha, wengine husimama pembeni na daftari mkononi, macho yao yakiwa kwa watoto kuliko kwa mwalimu. Kisha wote hukaa kikao: nani alikwama, alikwamia wapi, alifanya nini alipokwama.

Wanaweza kubishana muda mrefu juu ya hesabu ya kwanza tu itakayoandikwa ubaoni. Mtoto wa darasa la kwanza apewe 12 toa 3 au 13 toa 9? Si swali dogo. Kwenye 12 toa 3 mtoto atahesabu kurudi nyuma kwa vidole na atafika. Kwenye 13 toa 9 vidole vinamchosha, kwa hiyo anasukumwa kutafuta njia nyingine: atoe 9 kwenye 10, abaki na 1, ajumlishe 3. Ugumu umepimwa ili mtoto ahangaike mahali penye faida. Kupima hivyo peke yako, usiku, ukiwa na daftari mia za kusahihisha, ni kazi nzito mno.

Wajua pia kwamba mwalimu wa Japani huupanga ubao wake ili usifutwe mpaka kipindi kiishe? Njia iliyokosea hubaki pale, kando ya ile iliyofanikiwa, na mtoto huona zote mbili.

Je, wajua kwamba kumsifu mtoto kwamba ana akili kunaweza kumdhoofisha? Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano nchini Marekani. Watoto walipewa mafumbo rahisi, kisha baadhi wakaambiwa wana akili, wengine wakaambiwa wamejitahidi. Yakaja mafumbo magumu, wote wakapata tabu. Yaliporudishwa mafumbo rahisi kama ya mwanzo, walioitwa wenye akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, na waliosifiwa juhudi wakafanya vizuri zaidi. Walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine wasiowajua alama walizopata, waliosifiwa akili ndio waliodanganya kwa wingi.

Fikiria basi ofisi zetu za walimu, ambako wanafunzi hugawanywa kwa wepesi kuwa vipanga na vilaza. Vipanga wanaumizwa na jina hilo pia.

Je, wajua kwamba kumfundisha mtoto kuwa akili hukua kwa mazoezi kunafanya kazi, lakini si kila mahali? Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2019 ulihusisha wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa katika shule 65 za umma. Somo lenyewe lilichukua chini ya saa moja, kwenye kompyuta. Wenye alama za chini walipanda kwa wastani wa pointi 0.1 katika mizani ya takriban pointi 4. Ni kidogo, ila kwa saa moja si haba. Watafiti walipochimba zaidi, mwaka 2022 wakaeleza jambo ambalo lingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya mwalimu mkuu: faida kwenye hisabati ilionekana kwa wanafunzi ambao mwalimu wao wa hisabati mwenyewe aliamini kwamba uwezo hukua. Pale ambapo mwalimu hakuamini hivyo, mtoto aliyesikia habari njema kwenye kompyuta alirudi darasani ikayeyuka.

Nchini Argentina, katika jimbo la Salta, jaribio la aina hiyo kwenye shule za sekondari 202 halikuleta mabadiliko yoyote ya maana. Kumpa mtoto ujumbe ni rahisi. Kumzungushia watu wazima wanaouishi ujumbe huo ndiyo kazi.

Je, wajua kwamba Angela Duckworth, aliyeuza kitabu chake Grit duniani kote kuanzia mwaka 2016, alikuwa mwalimu wa hisabati huko New York kabla ya kuwa mwanasaikolojia? Utafiti wake juu ya ustahimilivu umepingwa pia: wachambuzi walioukagua mwaka 2017 walisema kipimo chake kinakaribiana mno na sifa iliyojulikana zamani, ile ya kuwa mtu makini katika kazi. Mimi nasimama na wanaosema tusimbebeshe mtoto mzigo wote. Binti anayeamka alfajiri, akachota maji, akatembea kwenda shule na kurudi jioni kupika, hana upungufu wa uvumilivu. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha juhudi zake aziweke wapi anapokwama kwenye hesabu za sehemu.

Je, wajua kwamba mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie alilifananisha jengo la shule na trei la mayai? Kila mwalimu kwenye kitundu chake, hagusani na mwenzake. Wengi wetu tumefundisha miaka mingi bila mwenzetu kuingia darasani kwetu, isipokuwa mkaguzi.

Je, wajua kwamba nadharia maarufu ya jumuiya za watendaji, yaani watu wanaojifunza kazi kwa kuifanya pamoja, ina mizizi Afrika Magharibi? Katika miaka ya 1970 Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, Liberia. Mwanafunzi wa ufundi alianza mwishoni mwa kazi: vifungo na pindo. Baadaye alishona. Kukata kitambaa kulikuja mwisho kabisa, kwa kuwa pindo lililokosewa hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimeharibika. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger waliwaweka mafundi hao katika kitabu ambacho vyuo vya ualimu duniani vinakitumia hadi leo. Mwalimu mpya, kwa upande wake, hukabidhiwa darasa zima siku ya kwanza na kuambiwa kila la heri.

Je, wajua kwamba Tanzania ina utaratibu wa kumtoa mwalimu kwenye upweke huo? Unaitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Moyo wake ni Jumuiya za Kujifunza, yaani walimu wa shule moja, au wa shule jirani katika kata, wanaokaa kujadili ufundishaji wao. Badala ya kungoja semina ya mjini yenye posho, wanaanza na shida iliyo mezani.

Mfano wa shida iliyo mezani: 52 toa 28. Daftari moja lina jibu 36. Linalofuata, 36. La tatu, 36. Mwalimu aliye peke yake hupiga alama nyekundu ya kosa, akaandika “ongeza bidii”, akafunga. Walimu wakiwa watatu, mmoja atauliza: mbona wote wamepata 36? Wakilitazama jibu kwa utulivu wanaona mtoto hakubahatisha. Kwenye mamoja ameona 2 na 8, akatoa kidogo kwenye kikubwa, akapata 6. Kwenye makumi ametoa 2 kwenye 5, akapata 3. Ana kanuni, ameifuata kwa uaminifu mwanzo hadi mwisho, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Mtoto huyu hahitaji bidii zaidi, kwani bidii itamzalishia 36 nyingine ishirini. Anahitaji fungu la njiti kumi lifunguliwe mbele ya macho yake, aone kumi likigeuka mamoja. Kesho yake mmoja afundishe hivyo, wawili watazame. Mtoto aliyeona kosa lake likichukuliwa kwa uzito namna hiyo hujaribu tena, kwa sababu sasa kujaribu kuna maana.

Je, wajua kwamba Kenya ilianza mapema? Mwaka 1998, kwa ushirikiano na Japani, ilizindua SMASSE, mpango wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari, ambao baadaye ulipata makao katika kituo cha CEMASTEA jijini Nairobi. Walimu walihimizwa kuandaa, kutenda, kutazama, kisha kuboresha, na kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyo karibu pale maabara isipokuwepo. Zambia nayo iliuanza utafiti wa somo mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati, kisha ukasambaa mikoa mingine.

Je, wajua kwamba mwenzako akiwa mwalimu mzuri, wanafunzi wako wanafaidika, hata kama hawajawahi kuingia darasani kwake? Kirabo Jackson na Elias Bruegmann walilionyesha hilo mwaka 2009 kwa takwimu za shule za msingi za jimbo la North Carolina, Marekani. Waliofaidika zaidi walikuwa walimu wachanga kazini.

Mwaka 2014 Matthew Kraft na John Papay wakaongeza jingine kutoka jimbo hilo hilo. Baada ya miaka 10, walimu wa shule zenye mazingira mazuri ya kikazi walikuwa wameimarika kwa asilimia 38 zaidi ya wale wa shule zenye mazingira duni. Kwa hiyo tunapomlaumu mwalimu mmoja kwamba “amechoka”, tuulize pia shule aliyomo.

Na huko Tennessee, jimbo jingine la Marekani, walimu waliokuwa dhaifu katika stadi fulani waliunganishwa na wenzao wenye nguvu katika stadi hizo hizo, wawili wawili, ndani ya shule moja. Matokeo ya wanafunzi yalipanda.

Je, wajua kwamba ustahimilivu umewahi kufundishwa darasani na kupimwa? Mjini Istanbul walimu wa shule za msingi walipewa mafunzo na vitabu vya kuwafundishia watoto kulikabili kosa na kujiwekea malengo. Baadaye watoto walipewa mchezo wa hesabu: kazi rahisi yenye zawadi moja au ngumu yenye zawadi nne. Waliofundishwa walichagua ngumu kwa wingi zaidi, na waliposhindwa waliichagua tena kuliko wenzao. Utafiti huo wa Sule Alan na wenzake ulichapishwa mwaka 2019. Kilichonigusa ni kwamba kazi yote ilipitia kwa mwalimu wa darasa, yule yule wa kila siku, hakuletwa mgeni wa kutoa hotuba ya hamasa.

Je, wajua kwamba Peter Tabichi hakuwa peke yake? Mwaka 2019 bruda huyu Mfransisko, mwalimu wa sayansi na hisabati wa Keriko, shule ya sekondari ya kutwa huko Njoro katika Kaunti ya Nakuru, alipata tuzo ya mwalimu bora duniani yenye dola milioni 1. Habari zilisimulia alivyotoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wengine, na zilisema kweli. Kilichosikika kidogo ni kwamba walikuwepo walimu wenzake wanne. Pamoja naye waliwafundisha wanafunzi waliobaki nyuma, mmoja mmoja, nje ya vipindi na mwishoni mwa wiki. Mwanafunzi wa Keriko aliyekwama kwenye fizikia alikuwa na watu watano wasiokubali kumwacha. Shule ingekuwa na mmoja tu, angeugua siku moja na mambo yakasimama.

Je, wajua kwamba Richard DuFour, mkuu wa zamani wa sekondari ya Adlai Stevenson huko Illinois, alitaka kila kikao cha walimu kijibu maswali manne? Tunataka wajifunze nini? Tutajuaje wamejifunza? Tutafanya nini wasipojifunza? Na wale ambao tayari wanajua, tutawapa nini? Vikao vingi vya shule hutumia saa mbili kwa sare, michango na zamu, na swali la tatu halifikiwi.

Je, wajua kwamba Singapore humpa mwalimu haki ya saa 100 za kujiendeleza kila mwaka? Jumuiya nyingi za walimu kwetu hufa kwa kukosa muda uliotengwa: hupangwa jioni, mwalimu akiwa na njaa, na ana mtoto wa kumchukua na daladala la kuwahi. Mwalimu mkuu mwenye ratiba ya muhula ujao mezani bado ana nafasi ya kuandika: Jumatano, saa nane mchana, walimu wa hisabati, ajenda daftari za darasa la nne.