Nyakati Mbili za Kiingereza Ziwatatizazo Waandishi wa Barua

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Hata hivyo, kijana wa Machakos atafutaye kazi mara nyingi hulazimika kuandika barua yake kwa Kiingereza, na neno moja likikosewa, barua hiyo yaweza kumpa msomaji habari isiyo ya kweli. Yafaa basi kuzifahamu nyakati mbili zichanganywazo sana.

Wakati wa kwanza hutaja desturi, nao wafanana na “hu-” ya Kiswahili. Mkulima asemapo “It rains in November”, maana yake mvua hunyesha mwezi wa Novemba, kama ijulikanavyo Ukambani. Wakati wa pili hutaja jambo lililokwisha tendeka ambalo matokeo yake yangalipo. “It has rained” ni kusema mvua imenyesha: udongo umelowa, na mbegu zaweza kupandwa.

Shida huzidi panapotajwa muda. Katika Kiswahili mtu husema, “Ninakaa Machakos tangu mwaka 2015,” wala hakosei. Lakini Kiingereza hakikubali “I live in Machakos since 2015”. Jambo lililoanza zamani na kuendelea mpaka leo hutaka “I have lived”. Neno “since” hutangulia mwanzo wa muda, kama vile mwaka 2015. “For” hutangulia urefu wake, kama vile miaka kumi.

Katika barua ya kuomba kazi, “I work in a shop” yaarifu kazi ya sasa tu. “I have worked in a shop” yaonyesha kwamba mtu amewahi kuifanya kazi hiyo, bila kusema kama yungali dukani. “I have worked in this shop for five years” yaeleza kwamba ametimiza miaka mitano na yungali kazini.

Tena, si kila “-me-” igeukayo kuwa “have”. “Nimechoka” ni “I am tired”, na “nimeelewa” mara nyingi ni “I understand”. Na siku iliyopita ikitajwa, “have” haifai kabisa: “Nimefika jana” ni “I arrived yesterday”.

Kabla ya kuipeleka barua, mwandishi na aisome tena, akiuliza juu ya kila tendo: Je, ni desturi? Limekwisha tendeka? Au laendelea, na tangu lini?