HALUA YA IDI ILIVYOTAKA KUNIMALIZIA MTAJI

Leo naongea na wewe unayeuza vitu vya msimu kwenye status.

Mwaka 2024 niliuza halua ya Zanzibar hapa Kasulu, ikaisha kabla ya Idi. Idi el-Fitri ilikuwa Aprili 10. Basi 2025 nikakopa kikoba, nikaagiza makopo 40 yafike Aprili 4. Yakafika kweli. Kumbe Idi ilishapita Machi 31! Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, ni mfupi kwa siku kama 11. Nikabaki na makopo na deni.

Nikashusha bei. Yakatoka matatu tu. Kila mtu: "Dada, Idi si imeshapita?"

Aliyenitoa ni mteja wangu wa Kibondo, mama aliyekulia Pemba. Akaniambia, "Mwanangu, halua siyo ya Idi tu. Kwetu mgeni akija anapewa halua na kahawa chungu. Ndiyo heshima yake." Hata Oman wanampokea mgeni hivyo hivyo.

Nikafuta "Halua ya Idi, punguzo". Nikaandika: "Wakwe wanakuja? Wapokee kwa halua na kahawa." Kila kopo nikaliunganisha na pakiti ya kahawa ya milima ya Buhigwe, bei ya halua nikairudisha ya mwanzo. Ndani ya wiki sita yakatoka 31, mengi ya posa. Faida ndogo, ila deni nililipa.

Wajapani wanalijua hili. Mei 5, siku ya watoto, wanakula kashiwamochi, andazi la mchele lililofungwa kwenye jani la mti ambao jani la zamani halidondoki mpaka chipukizi litoke. Maana yake ukoo usikatike. Mzazi ananunua dua ile kwa mtoto wake, utamu ni nyongeza.

Kwa hiyo:

1. Msimu wa Idi usiupange kwa tarehe ya mwaka jana. Rudi nyuma siku 10 au 11, halafu mzigo ufike wiki mbili kabla.

2. Muulize mteja kitu hicho kwao kinaliwa lini na kinamaanisha nini. Jibu lake ndilo tangazo lako.

3. Kabla hujashusha bei, badilisha maneno kwanza.

Wewe mzigo gani ulishawahi kukulalia baada ya sikukuu? Andika hapo chini, tusaidiane.