Jiko la Mwenye Nyumba

Mtu wa Likoni au Kisauni, hapa Mombasa, anapokwenda kufanya kazi Jeddah, Doha au Dubai, simu zake za mwanzo nyumbani huwa na habari nyingi za chakula, wakati mwingine kabla hata ya habari za mshahara. Wanaozipokea hugawanyika mafungu mawili. Wapo wanaomwona anadeka: amepanda ndege pale uwanja wa Moi, ametua nchi ya neema, nyama tele, naye analilia mbaazi na mahamri. Wapo pia wanaomhurumia wakidhani huko hakuna nazi wala muhogo, na jamaa yeyote akisafiri humtwika mzigo wa unga, bizari na papa mkavu ampelekee. Wote hao, kwa maoni yangu, wanatazama sufuria na kusahau jiko. Uzito wa kula ughaibuni hautokani sana na vitu kukosekana sokoni. Unatokana na nani mwenye jiko, saa ngapi mgeni anaruhusiwa kuliwasha, na kama ana haki ya kubandika chungu kimoja kwa ajili yake mwenyewe.

Tuanze na soko, maana ndiko watu wengi wanakoanzia. Ghuba na Pwani yetu ni majirani wa bahari moja, na majahazi yaliyokwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi yalibeba mapishi pamoja na tende na boriti. Wali wa viungo, halua, sambusa, bokoboko la ngano na nyama, vyote vina ndugu zao ng'ambo ya pili. Nguru anauzwa Muscat kama anavyouzwa Mombasa. Juu ya hayo, Ghuba imejaa Wahindi wa Kerala, Wasri Lanka na Wafilipino, watu ambao nazi kwao ni chakula cha kila siku kama ilivyo kwetu. Maduka yao yana tui la kopo na la unga, nazi iliyokunwa na kugandishwa, ukwaju, iliki, na muhogo uliomenywa ukatiwa barafu. Mtu wa Kerala hula muhogo kwa mchuzi wa samaki, na kile kifaa cha kwao cha kukunia nazi ukiwa umekalia, mtoto yeyote wa Mtongwe angekitambua kuwa ni mbuzi. Hata zile punje za njano ziitwazo toor, zilizojaa kwenye kila duka la Kihindi, ni mbaazi hizi hizi zetu, ila zimeondolewa ganda na kupasuliwa.

Hapo mpishi yeyote wa Kisauni atanikatiza, na ana haki. Mbaazi zilizopasuliwa zikichemka huwa rojo. Hazibaki punje zilizolowa tui kama zile zinazouzwa asubuhi kando ya barabara ya Bamburi. Tui la kopo nalo si tui la kukamua. Nazi ikikunwa na kukamuliwa kwa kifumbu hutoa tui zito kwanza, kisha mpishi hutia maji akakamua la pili, jepesi. Mchele au mbaazi huivia kwenye lile jepesi, na zito hutiwa mwishoni, moto umepunguzwa, likikorogwa polepole lisikatike. Kopo huja na tui la aina moja, mara nyingi limetiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, na aliyezoea kusoma mapishi kwa macho hukosa alama zake. Unga wa mahamri ulioachwa juu ya meza kwenye jiko lenye kiyoyozi huchelewa kuumuka, ingawa nje jua linachoma kuliko Januari ya Mombasa. Unga wa mahindi unaopatikana karibu huenda ukawa wa njano na laini mno, ukatoa ugali unaonata. Tofauti hizo ni za kweli na ulimi unazijua.

Lakini tazama zinavyotatuliwa. Tui la kopo huzimuliwa kwa maji kupata la pili, na robo yake huwekwa kando kuwa la kwanza. Unga wa mahamri hufunikwa vizuri na kuwekwa ndani ya oveni iliyozimwa, pamoja na bakuli la maji ya moto. Mbaazi nzima hutafutwa duka la tatu au la nne. Hakuna siri hapo, kinachotakiwa ni majaribio: kupika, kuharibu, kuonja, kutupa, kupika tena wiki ijayo. Mtu hawezi kuharibu sufuria ya mwenzake mara tatu mfululizo akavumiliwa. Tofauti ya viungo, basi, ni tatizo linalokwisha kwa mwenye jiko na lisilokwisha kwa asiye nalo, ndiyo maana nasema haiwezi kuwa ndiyo sababu kubwa.

Historia yetu hapa Mombasa inaunga mkono hilo. Muhogo tunaouita wetu, mahindi, na pilipili zinazokolezwa kwenye viazi vya karai asili yake ni Amerika; vilivuka bahari baada ya Wareno kuanza kusafiri huko na huku, karne ya 16 na kuendelea. Chapati na biriani tumepokea kutoka mashariki. Changamwe ni ushahidi wa karibu zaidi. Reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896, kisha bandari na viwanda, vilivuta watu kutoka Nyanza, Magharibi na Ukambani wakapanga vyumba Magongo, Chaani na Port Reitz. Walikuja wageni, na chakula cha Pwani kilikuwa kigeni kwao. Leo omena na sukuma wiki vinauzwa pembeni mwa muhogo wa nazi, na nyumba moja hunywa chai kwa mahamri asubuhi ikala ugali usiku bila mtu kuona ajabu. Chumba cha kupanga Changamwe ni kidogo, choo ni cha kushirikiana, lakini kila mlango ulikuwa na jiko lake la makaa au la mafuta ya taa. Hilo lilitosha.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa walioondoka na familia zao. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 na kuwapa siku 90, wengi walifika Uingereza na mizigo michache. Hata hivyo muhogo wa kukaanga, wanaouita mogo, umo kwenye orodha za mikahawa ya Kihindi ya Wembley na Leicester mpaka leo, na kuku wa kupaka yumo. Oman nayo ilipokea watu kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, na mishkaki imekuwa chakula cha barabarani cha nchi hiyo. London iko mbali na minazi kuliko Doha, tena baridi yake ni kali, lakini hao walikuwa na nyumba zao. Jikoni mlikuwa mwao.

Sasa walinganishe na binti wa Bofu au Mlaleo anayefanya kazi za nyumbani Riyadh. Yeye yuko jikoni kuliko mtu yeyote katika nyumba hiyo. Anapika wali wa kabsa wa watu wanane, anakunja sambusa za Ramadhani kwa mamia, anajua kila kabati lilipo. Nazi ikinunuliwa, imenunuliwa kwa kitindamlo cha mwenye nyumba. Yeye hula wakishakula wenyewe, kilichobaki, saa iliyobaki, mara nyingi peke yake na amesimama. Wanaume walio walinzi au vibarua katika kambi za kampuni nao hupata mlo wa kantini: wali, dengu, chapati, kesho tena hivyo hivyo, na vyumbani kupika mara nyingi ni marufuku kwa kuogopa moto. Wenye nafuu ni waliopanga nyumba kwa kuchangiana, wakapeana zamu. Huko utasikia lawama za chumvi na za nani hakuosha sufuria, ambazo ni lawama za watu waliokwisha zoea.

Kuna watakaosema sheria imeshalishughulikia hili. Ni kweli kwamba sheria ya Qatar namba 15 ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa nyumbani chakula na malazi yanayofaa, inaweka ukomo wa saa 10 za kazi kwa siku na inampa siku ya mapumziko kila wiki. Ni hatua, siibezi. Ila chakula cha kupewa kinaweza kuwa safi na cha kutosha na bado kikawa cha mwenye nyumba. Huku kwetu, mafunzo ya kabla ya safari yanayosimamiwa na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, humwandaa mfanyakazi kutumia mashine za ndani na kuhudumia nyumba ya mwajiri. Mlo wake yeye unaachiwa bahati ya mwajiri atakayempata. Na waajiri wema wapo: wapo wanaomwachia dada jiko Ijumaa asubuhi, na zipo nyumba ambazo watoto wamezoea mahamri yake wakawa wanayaagiza. Nyumba kama hizo hazikupungukiwa na lolote.

Pingamizi gumu zaidi ni la baba na mama wa mtaa wa Shika Adabu: tumemtuma kutafuta riziki, si kutafuta mchuzi, miaka miwili si mingi, avumilie. Hesabu yenyewe inawapinga. Chakula ni sehemu ya ujira wa mtu anayelala kwa mwajiri, na kama hawezi kukila, anakinunua upya kwa mshahara wake: tambi za pakiti, biskuti, soda, vitu ghali visivyoshibisha. Mwili unaofanya kazi saa 10 hauendi kwa biskuti. Na ile mizigo ya unga na papa mkavu inayotumwa kwa mapenzi hukaa chini ya kitanda kwa sababu hakuna moto wa kuipikia.

Kwa hiyo familia inayomsindikiza mtu uwanja wa ndege ingefanya vyema kupunguza unga na kuongeza maswali, mapema, mbele ya wakala. Mfanyakazi ataruhusiwa kujipikia, na siku zipi? Kuna jiko la pili, au hata sahani ya umeme chumbani? Posho ya chakula italipwa fedha taslimu kama hataki cha nyumba? Siku ya mapumziko anaweza kwenda sokoni mwenyewe? Majibu yaandikwe kwenye mkataba kando ya mshahara. Wakala asiye na majibu ampigie mwajiri simu papo hapo, maana maswali hayo ni mepesi yakiulizwa Mombasa kuliko yakiulizwa na mtu aliyekwisha tua Riyadh, pasipoti yake iko kwenye droo ya mwingine.